Visiki vya Amerika ya Kusini

Kwenye vibanda umiza vya Nyalikungu, pale Maswa mjini, ubishi wa soka hauna likizo. Bei ya pamba ipande au ishuke, mvua inyeshe au igome, jioni watu watabishana: Pelé au Maradona, Messi au Ronaldo, na Neymar angefika wapi kama asingeumia kila mara. Muulize kijana yeyote anayetoka kupiga chandimu angependa kuwa nani. Atakutajia straika au namba kumi. Nafasi ya beki ni ya yule aliyechelewa kufika, akakuta nyingine zote zimeshachukuliwa.

Sasa wape hesabu hii, kisha uwaangalie wanavyonyamaza. Nchi za Amerika ya Kusini zimetwaa Kombe la Dunia mara 10: Uruguay mwaka 1930 na 1950, Brazil mwaka 1958, 1962, 1970, 1994 na 2002, Argentina mwaka 1978, 1986 na 2022. Manahodha waliopokea kombe ni José Nasazzi, Obdulio Varela, Hilderaldo Bellini, Mauro Ramos, Carlos Alberto, Daniel Passarella, Diego Maradona, Dunga, Cafu na Lionel Messi. Toa viungo Varela na Dunga, toa Maradona na Messi. Wanabaki sita, na wote sita ni mabeki. Bara linalosifika kwa chenga limewakabidhi kitambaa cha unahodha watu ambao kazi yao ni kuzizima chenga hizo.

Usukumani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mchungaji hutembea nyuma ya ng'ombe, huko kwenye vumbi, kwa sababu ni huko tu anakoliona kundi lote. Hata hivyo rekodi za mabeki hazisimuliwi, nami nimeamua kuziorodhesha zile zinazonivutia, bila kuzipa zote uzito sawa.

Wa kwanza kabisa ni Nasazzi. Beki huyu wa Uruguay alikuwa ameshatwaa dhahabu ya soka ya Olimpiki mara mbili, mwaka 1924 na 1928, kabla Kombe la Dunia halijazaliwa. Lilipozaliwa mwaka 1930 nchini kwao, akawa nahodha wa kwanza duniani kulitwaa. Bellini naye ana rekodi ya mikono: inasimuliwa kwamba mwaka 1958 kule Sweden wapiga picha wafupi waliokuwa nyuma walimwomba alinyanyue kombe ili nao walione. Akalinyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo kila nahodha, hata wa ligi ya kata, hunyanyua hivyo hivyo, kombe liwe la dhahabu au la bati.

Fainali hiyo ya 1958 ilitoa na rekodi nyingine ya ajabu. Djalma Santos, beki wa kulia, alikaa benchi mashindano yote, akachezeshwa mechi moja tu, fainali yenyewe dhidi ya wenyeji. Dakika 90 zilitosha kumfanya atajwe kuwa beki bora wa kulia wa mashindano. Wapo waliocheza mechi zote sita na bado hawakutajwa.

Tuje kwenye jezi. Nani amelitumikia taifa lake mara nyingi zaidi? Kwa miaka mingi jibu la Amerika ya Kusini halikuwa Mbrazili wala Muajentina. Alikuwa Iván Hurtado wa Ecuador, beki wa kati aliyezaliwa Esmeraldas mwaka 1974. Alianza kuichezea nchi yake mwaka 1992 akiwa bado kijana, akafikisha mechi 168. Ecuador haikuwahi kucheza Kombe la Dunia hata mara moja kabla ya mwaka 2002. Hurtado alikuwepo kikosini mwaka huo, na mwaka 2006 nchini Ujerumani aliiongoza hadi hatua ya 16 bora, ikatolewa na Uingereza kwa bao moja la David Beckham. Rekodi yake ya bara ilivunjwa na Messi, tena katikati ya Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022. Fikiria: ilibidi aje Messi mwenyewe, na ilibidi acheze hadi umri wa miaka 35. Hurtado aliacha soka akawa mbunge, na huko nako nadhani alizoea kukaa nyuma akipanga wenzake.

Na si yeye peke yake. Mchezaji wa Uruguay mwenye mechi nyingi zaidi ni beki, Diego Godín, mechi 161. Wa Paraguay ni beki, Paulo da Silva, 148. Wa Brazil, nchi ya Pelé, Zico, Romário na Ronaldo, ni beki wa kulia, Cafu, 142. Nchi nne kati ya kumi za shirikisho la bara hilo. Straika huja na kuondoka na magoli yake. Kocha mpya akifika, wa kwanza kubadilishwa ni yeye. Beki anayeaminika huachwa mahali pake.

Cafu anastahili aya yake. Hakuna mchezaji mwingine, wa nafasi yoyote na wa nchi yoyote, aliyewahi kucheza fainali tatu za Kombe la Dunia. Ya 1994 aliingia mapema baada ya Jorginho kuumia. Ya 1998 akala tatu za Ufaransa pamoja na wenzake. Ya 2002 alikuwa nahodha, na hata unahodha huo ulimfikia kwa bahati: nahodha mteule, Emerson, aliteguka bega muda mfupi kabla ya mechi ya kwanza ya Brazil, mazoezini, akijifanya kipa. Cafu aliponyanyua kombe kule Yokohama, kifuani kwenye jezi yake yalisomeka maneno ya kalamu, asilimia mia Jardim Irene. Jardim Irene ni mtaa wa hohehahe mjini São Paulo alikokulia. Pale Nyalikungu nimesikia watu wakikadiria ingekuwaje jina la kata yao lionekane hivyo mbele ya dunia nzima. Naona wino ungetosha.

Mabeki wafungaji ndio pekee ambao vibanda umiza huwakumbuka, na hapo kila mtu atakurukia na frikiki ya Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa mjini Lyon, Juni 1997, ile iliyotoka nje kabisa kisha ikarudi langoni. Sawa, ni nzuri. Ila kwa hesabu, Roberto Carlos si lolote mbele ya Passarella.

Daniel Passarella alikuwa na urefu wa sentimita 173. Kwa beki wa kati huo ni urefu wa kuchekwa, na bado alikuwa akiruka na kuwashinda kwa vichwa watu waliomzidi kimo. Alifunga magoli 134 katika mechi 451, rekodi ya dunia kwa beki hadi Mholanzi Ronald Koeman alipompita. Kwa Argentina alifunga 22 katika mechi 70. Msimu wa 1985/86 akiwa na Fiorentina ya Italia alifunga magoli 11 ya ligi, rekodi ya mabeki wa Serie A iliyosimama hadi Marco Materazzi alipofunga 12 msimu wa 2000/01. Nakumbusha kuwa ile ilikuwa Italia ya miaka ya 80, ambako straika aliyefikisha magoli 11 alikuwa akitembea kifua mbele.

Passarella ndiye Muajentina pekee aliyekuwemo kwenye vikosi vyote viwili vya ubingwa wa 1978 na 1986. Ila wa pili hakuucheza hata dakika moja. Kule Mexico tumbo lilimwangusha, akabaki kitandani huku kombe likienda kwa Maradona, ambaye hakuwa akipatana naye. Nafasi yake akapewa José Luis Brown.

Hapa ndipo penye rekodi ninayoipenda kuliko zote. Brown alifika Mexico akiwa hana hata klabu. Katika maisha yake yote aliifungia Argentina bao moja tu. Bao hilo moja alilifunga tarehe 29 Juni 1986, uwanja wa Azteca, kwa kichwa, kwenye fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ujerumani Magharibi. Lilikuwa bao la kwanza katika ushindi wa 3-2. Kipindi cha pili aliumia bega vibaya. Akakataa kutoka. Aliing'ata jezi yake kwa meno akaitoboa, akapitisha kidole kwenye tundu ili mkono uning'inie usiyumbe, akamaliza mechi hivyo. Ukitafuta mtu aliyepangilia magoli yake kwa akili zaidi ya huyo, utazeeka.

Ufupi wa Passarella unanikumbusha Gary Medel wa Chile, sentimita 171, mechi 161 za taifa, sawasawa na Godín. Ni kiungo kwa kuzaliwa, lakini makocha wa Chile walimrudisha nyuma awe beki wa kati, na akiwa hapo Chile ikatwaa Copa América mbili mfululizo, 2015 na 2016, za kwanza katika historia yake. Mwaka 2014 dhidi ya Brazil alicheza na paja lililochanika hadi wakamtoa kwa machela akilia, mechi ikiwa tayari kwenye dakika za nyongeza. Na mwaka 2019, kwenye mechi ya mshindi wa tatu ya Copa América, alisukumana na Messi vifua hadi mwamuzi akawatoa wote wawili kwa kadi nyekundu. Kumtoa Messi uwanjani ni kazi. Yeye aliifanya kwa kifua.

Mpaka hapa nimezungumzia vitu vinavyohesabika: mechi, makombe, magoli. Lakini beki aliyekomaa hupimwa pia kwa kile ambacho hakukifanya, na rekodi za aina hiyo ni ngumu kuzionyesha kwenye televisheni.

Chukua Carlos Gamarra wa Paraguay. Kwenye Kombe la Dunia la 1998 nchini Ufaransa alicheza mechi nne, ya mwisho ikiingia dakika za nyongeza dhidi ya wenyeji, na hakucheza rafu hata moja. Hata moja. Beki wa kati, mtu wa mwisho, anayekutana na washambuliaji wanaokimbia, anajirusha, anapora, anabutua, na filimbi hailii juu yake mechi nne nzima. Katika mechi ile ya mwisho bega lilimteguka, mkono ukafungwa, akaendelea. Mabega ya watu hawa yana historia yake. Paraguay ilianguka kwa bao la dhahabu, na aliyelifunga, Laurent Blanc, alikuwa beki pia.

Miaka minane baadaye, Juni 2006 mjini Frankfurt, mtu huyo huyo msafi aliingia kwenye vitabu kwa mlango wa nyuma. Mechi ya kwanza ya Paraguay dhidi ya Uingereza ilikuwa haijatimiza dakika tatu. Beckham akapiga frikiki, Gamarra akaruka kuokoa, mpira ukamgusa kichwani ukaingia langoni mwake. Mechi ikaisha 1-0. Lilikuwa bao la kujifunga la haraka zaidi katika historia ya Kombe la Dunia, na rekodi hiyo akaishikilia hadi mwaka 2014, Sead Kolašinac wa Bosnia alipojifunga mapema zaidi dhidi ya Argentina. Usafi wa mechi nne unajulikana na wachache. Kichwa kile kimoja kilirudiwa kwenye skrini za dunia nzima.

Bao la kujifunga ni jeraha la mabeki. Marcelo alipojifunga dhidi ya Croatia, Juni 2014 mjini São Paulo, akawa Mbrazili wa kwanza kujifunga kwenye Kombe la Dunia, kombe walilokuwa wakilicheza tangu 1930, na kwa ubaya zaidi lilikuwa ndilo bao la kwanza la mashindano yaliyofanyika nyumbani kwao. Kwake, Brazil ikashinda, yakaisha. Andrés Escobar wa Colombia hakupata bahati hiyo. Alijifunga dhidi ya Marekani tarehe 22 Juni 1994, na tarehe 2 Julai akauawa kwa risasi mjini Medellín. Alikuwa na miaka 27. Hilo silitafutii jina la rekodi.

Turudi kwenye usafi. Mwaka ule ule wa 2006 Gamarra alipojifunga, Lúcio wa Brazil alikaa dakika 386 za Kombe la Dunia bila kucheza rafu: mechi nne kamili, na dakika 26 za robo fainali dhidi ya Ufaransa. Ikawa rekodi. Lúcio alikuwa na miguu mirefu na tabia ya kupanda mbele na mpira kama mtu aliyesahau nafasi yake, jambo lililowatia kiwewe makocha wake. Tabia hiyo ilimpa bao la ushindi la kichwa kwenye fainali ya Kombe la Mabara la 2009 dhidi ya Marekani, Brazil ikitoka nyuma kwa 2-0 hadi kushinda 3-2. Tarehe 22 Mei 2010 akatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Inter Milan, kwenye safu ya nyuma yenye Mbrazili mwingine, Maicon, na Muajentina Walter Samuel, mbele yao akiwepo Javier Zanetti, beki aliyefikisha mechi 858 kwa klabu hiyo, idadi ambayo hakuna mwingine wa Inter aliyeifikia.

Siku kumi na sita baada ya fainali ile, Lúcio alikuwa Dar es Salaam.

Vijana wa leo wa Maswa hudhani unawatania ukiwaambia hivyo. Tarehe 7 Juni 2010 Brazil, ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, ilicheza na Taifa Stars kwenye Uwanja wa Taifa, huu tunaouita sasa Benjamin Mkapa. Nahodha wao alikuwa Lúcio. Kocha wetu naye alikuwa Mbrazili, Márcio Máximo, aliyeishika timu tangu 2006 na kuipeleka kwenye mashindano ya kwanza ya CHAN, mwaka 2009 nchini Ivory Coast. Brazil ikatufunga 5-1: Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja. Lile letu moja alilifunga Jabir Aziz dakika ya 86. Ukuta wa Brazil ile haukuwa rahisi kuutoboa, hata katika mechi ya kirafiki, na ndiyo maana jina la Jabir Aziz bado linatajwa vijiweni. Nadir Haroub, beki wetu kisiki wa zama hizo, watu walimwita Cannavaro, jina la Muitalia. Lúcio alikuja mpaka nyumbani, na bado hakuna aliyebadilisha.

Beki bora kuliko wote wa bara hilo? Mimi namtaja Elías Figueroa, na kijiwe kizima huniuliza ni nani huyo. Alizaliwa Valparaíso, Chile, mwaka 1946. Utotoni alisumbuliwa na moyo, kisha polio ikamlaza, akajifunza kutembea upya. Mtoto huyo akaja kucheza Kombe la Dunia la 1966, la 1974 na la 1982. Mwaka 1974, 1975 na 1976 alichaguliwa mchezaji bora wa Amerika ya Kusini, mara tatu mfululizo, na hakuna beki mwingine aliyewahi kuichukua tuzo hiyo mara tatu. Hiyo ilikuwa miaka ambayo bara lilikuwa limejaa mafundi wa mpira. Alikuwa akiichezea Internacional ya Porto Alegre, kusini mwa Brazil. Desemba 1975 aliipa ubingwa wa kwanza wa Brazil kwa bao la kichwa dhidi ya Cruzeiro, mechi ikaisha 1-0. Jua lilikuwa linatua, uwanja umejaa kivuli, na mwale mmoja ukaangukia pale pale alipokuwa akiruka. Wenyeji wa Porto Alegre wanaliita bao lenye nuru.

Porto Alegre kuna timu mbili zisizopikika chungu kimoja, Internacional na Grêmio, Simba na Yanga yao. Katika Grêmio ndimo alimokulia Gerson Fraga Vieira, aliyekuwa nahodha wa Brazil ya vijana chini ya miaka 17 kwenye Kombe la Dunia la Nigeria mwaka 2009. Waliokuwa chini yake: Neymar, Philippe Coutinho, Casemiro, na kipa Alisson. Kwa mara nyingine, kitambaa kwa mtu wa nyuma. Wenzake wakaenda Barcelona, Liverpool na Real Madrid. Yeye akapitia India, akicheza Mumbai City na ATK ya Kolkata, beki wa kati au kiungo mkabaji kulingana na shida ya siku, na katikati ya mwaka 2019 akatua Msimbazi.

Hakuja peke yake. Simba ilisajili Wabrazili watatu kwa mpigo: yeye, mshambuliaji Wilker Henrique da Silva na beki Tairone Santos da Silva. Wawili hawa hawakudumu. Fraga akabaki, akatwaa ubingwa wa ligi wa 2019/20 na Kombe la FA msimu huo huo. Tarehe 12 Julai 2020, nusu fainali ya Kombe la FA, Simba ikamchapa Yanga 4-1, na aliyefungua mlango dakika ya 21 alikuwa Fraga. Watu wanamkumbuka zaidi Clatous Chama na Luis Miquissone kwa mechi ile, na si ajabu. Septemba mwaka huo goti likamwangusha, na safari yake ya Tanzania ikaishia hapo. Kwa hesabu yangu, katika Wabrazili wa safu ya nyuma waliokuja kucheza ligi yetu, hakuna aliyeondoka na mzigo mzito kuliko wake.

Kanda ya ziwa nayo ilikuwa na neno na Simba ile ya Wabrazili. Ukitoka Nyalikungu ukashika lami ya Mwigumbi unaangukia njia ya Shinyanga, na Shinyanga kuna uwanja wa Kambarage. Mwishoni mwa Oktoba 2019 Simba ilifika hapo kucheza na Mwadui, ikalala 1-0. Bao la Gerald Mathias linakumbukwa mpaka Bariadi. Mabeki wa Mwadui waliolilinda hadi filimbi ya mwisho, haya, wataje.